Mkutano wa re:Invent: Mtaalamu wa TEHAMA Huenda Kutafuta Nini Las Vegas?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka, katika juma linalofuata Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mji wa Las Vegas katika jimbo la Nevada hupokea makumi ya maelfu ya wahandisi wa programu, wasimamizi wa seva, wataalamu wa usalama wa mitandao na wakuu wa idara za TEHAMA kutoka pande zote za dunia. Wanakwenda kuhudhuria re:Invent, mkutano mkuu wa kampuni ya Amazon Web Services, maarufu kwa kifupi AWS, ambao ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya wataalamu wa huduma za kompyuta za wingu.

Mwananchi anayesikia kwamba mtaalamu wa taasisi yake ameomba kibali cha kusafiri kwa juma zima kwenda katika mji unaojulikana zaidi kwa kamari na majumba ya starehe, ana haki ya kuuliza: anakwenda kufanya nini huko, na fedha inayotumika inarudi kwa njia gani? Swali hilo lisichukuliwe kuwa la kejeli. Tiketi ya kuhudhuria mkutano huo kwa ukamilifu mwaka 2024 iliuzwa dola 2,099 za Marekani, sawa na zaidi ya shilingi milioni 5 za Tanzania, kabla ya kuhesabu nauli ya ndege, viza, malazi na posho. Makala haya yanaeleza mkutano huo ni nini, unaendeshwaje, na ni mambo gani humfanya mtaalamu mmoja arudi na manufaa wakati mwenzake anarudi na mfuko wa fulana.

Kwanza, wingu ni nini?

Neno wingu limewapoteza wengi. Huduma za wingu ni kompyuta halisi zilizopangwa katika majengo makubwa yenye umeme wa uhakika, mitambo ya kupoza joto na ulinzi wa saa 24, ambazo mmiliki wake huzikodisha kwa watu wengine kupitia intaneti. Mpangaji hulipia kiasi alichotumia, kama mtu anavyolipia umeme kwa kusoma mita. AWS ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2006. Mwezi Machi ilizindua huduma ya kuhifadhi mafaili iitwayo S3, na mwezi Agosti ikaleta EC2, huduma ya kukodisha kompyuta yenyewe.

Faida yake huonekana vizuri katika siku yenye msongamano. Tufikirie tovuti ya kutazama matokeo ya mitihani. Kwa miezi kadhaa tovuti ya namna hiyo hutembelewa na watu wachache, kisha katika saa moja ya siku ya kutangazwa matokeo, wazazi na wanafunzi wa nchi nzima huifungua kwa pamoja. Taasisi inayomiliki seva zake italazimika kununua mashine za kutosha kwa ajili ya saa hiyo moja, nazo zikae bila kazi mwaka uliobaki. Anayekodi huongeza mashine asubuhi na kuzirudisha jioni. Hata hivyo, ukodishaji una gharama na hatari zake, kama itakavyoelezwa hapa chini, na hizo ndizo hasa zinazofaa kumpeleka mtaalamu mkutanoni.

Mkutano uliokua haraka

re:Invent ya kwanza ilifanyika mwezi Novemba 2012 katika hoteli ya The Venetian, ikihudhuriwa na watu wapatao 6,000. Mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa imefika takriban 65,000. Mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, mkutano ulifanyika kwa njia ya mtandao pekee, bila malipo, kwa muda wa majuma matatu. Mwaka 2021 ulirejea Las Vegas. Siku hizi shughuli zake hazitoshi katika jengo moja. Huenezwa katika hoteli kadhaa zilizopo kando ya barabara kuu ya mji huo, na kati ya Mandalay Bay iliyopo kusini na Wynn iliyopo kaskazini kuna umbali wa takriban kilomita 5.

Umbali huo ndio humwadhibu mgeni. Mtu aliyezoea mikutano ya ukumbi mmoja, ambapo washiriki huketi asubuhi na kuinuka jioni, hupanga kikao cha saa tatu katika hoteli moja na cha saa nne katika nyingine, kisha hujikuta ndani ya basi la mkutano, katikati ya foleni ya magari, wakati kikao chake kimekwishaanza. Hoteli zenyewe ni kubwa kiasi kwamba kutoka mlangoni hadi kwenye chumba cha kikao kunaweza kumchukua mtu dakika 15 za kutembea, tena kwa kupita katikati ya mashine za kamari. Washiriki wazoefu hupanga siku nzima katika hoteli moja au mbili zilizo jirani, na huacha nafasi ya saa moja kati ya kikao na kikao. Vilevile huvaa viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu. Ushauri huo unaweza kuonekana mdogo kwa mtu aliyepo ofisini Dodoma, lakini ifikapo siku ya tatu huwa ndio unaokumbukwa kuliko yote.

Las Vegas ipo katika jangwa la Mojave. Hewa yake ni kavu mno na usiku wa Desemba ni wa baridi. Tofauti ya saa kati ya mji huo na Tanzania katika majira hayo ni saa 11, hivyo mchana wa huko ni usiku wetu. Anayewasili Jumapili usiku na kuingia kikaoni Jumatatu asubuhi atasinzia, hata awe na bidii ya namna gani. Kufika siku mbili kabla ni sehemu ya maandalizi ya kazi, ingawa kwenye karatasi ya bajeti huonekana kama anasa.

Vikao vya aina mbili

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu yeyote kuiba.

Vikao vya re:Invent vinaweza kugawanywa katika makundi mawili: vile vinavyorekodiwa na vile visivyorekodiwa. Hotuba kuu za viongozi wa kampuni hurushwa moja kwa moja kupitia intaneti, na mtu yeyote duniani anaweza kuzitazama bila malipo. Vikao vya mada, ambavyo mzungumzaji husimama jukwaani na kutoa mhadhara wa takriban saa moja mbele ya mamia ya watu, hurekodiwa pia, na video zake huwekwa YouTube muda mfupi baadaye. Hivyo, mtaalamu anayesafirishwa kutoka Afrika Mashariki hadi Nevada, akashinda siku nzima katika vikao vya mada, amekula gharama ya mamilioni ya shilingi ili atazame kile ambacho mwenzake aliyebaki ofisini atakitazama kwa kifurushi cha intaneti.

Kundi la pili ni tofauti kabisa. Yapo mazungumzo ya ubaoni, ambapo mhandisi wa AWS huingia katika chumba kidogo, hutoa maelezo mafupi ya utangulizi, kisha hushika kalamu na kuchora ubaoni kwa kufuata maswali ya waliohudhuria. Zipo warsha za saa mbili ambazo kila mshiriki hufungua kompyuta yake na kujenga mfumo halisi katika akaunti ya majaribio. Vipo pia vikao vya meza, ambapo watu wasiozidi 10 huketi na mtaalamu mmoja na kufanya kazi kwa pamoja. Vikao hivi kwa kawaida havirekodiwi. Asiyekuwepo amevikosa.

Sababu ya ubora wake si uzuri wa vyumba. Katika mazungumzo ya ubaoni, mtu anaweza kueleza mfumo wake jinsi ulivyo, pamoja na udhaifu wake, na kupata jibu kutoka kwa mtu aliyeshiriki kuijenga huduma anayoilalamikia. Aidha, husikia maswali ya wengine: mhandisi wa benki ya Brazili anauliza jambo ambalo mhandisi wetu alikuwa hajafikiri kuliuliza, na majibu yote mawili yanamfaa. Mambo ya namna hiyo hayaandikwi katika vitabu vya maelekezo.

Kila kikao huwa na namba inayoonesha kina chake. Vikao vya ngazi ya 100 ni vya utangulizi, vya 200 ni vya wastani, vya 300 ni vya wabobezi na vya 400 ni vya wale wanaoifahamu huduma husika kwa undani. Mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa hana sababu ya kuvuka bahari kwa ajili ya ngazi ya 100. Nafasi za kukaa huombwa mapema kwa njia ya mtandao, majuma kadhaa kabla ya mkutano, na vikao vinavyopendwa hujaa katika dakika chache. Aliyekosa nafasi asikate tamaa, kwa kuwa nje ya kila chumba kuna mstari wa wanaosubiri, na mwenye nafasi akichelewa kiti chake hupewa mwingine.

Tangazo na uhalisia

Kila re:Invent huambatana na matangazo ya huduma mpya, na vyombo vya habari huyafuatilia kwa karibu. Baadhi ya matangazo hayo yamebadilisha taaluma. Mwaka 2014 ilitangazwa Lambda, huduma inayomwezesha mhandisi kupakia kipande cha programu kikaendeshwa pale tu kinapohitajika, bila yeye kusimamia seva yoyote. Leo mtindo huo ni wa kawaida.

Mengine yalikuwa na shangwe kubwa kuliko maisha yake. Mwaka 2016 lori refu liliendeshwa hadi jukwaani mbele ya maelfu ya watu. Liliitwa Snowmobile: kontena la futi 45 lililojazwa vifaa vya kuhifadhi data, lenye uwezo wa kubeba petabaiti 100, lililokusudiwa kupaki kwenye ua wa mteja, kunyonya data zake zote na kuzipeleka kwa barabara hadi katika kituo cha AWS. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Mwaka 2024 huduma hiyo iliondolewa. Haikuwa utapeli, mahitaji ya wateja na njia nyingine za kuhamisha data vilibadilika. Hata hivyo, taasisi inayopanga mfumo wa miaka 10 haina budi kutofautisha kati ya huduma iliyotangazwa jana na huduma iliyokwisha kupita katika misukosuko. Binafsi, mwandishi wa makala haya angemwamini zaidi mtaalamu anayerudi na kusema kwamba jambo fulani tusilifanye kwa sasa, kuliko anayerudi na orodha ya vitu 20 vya kununua.

Misukosuko imekuwepo. Mwezi Februari 2017, mfanyakazi wa AWS aliyekuwa akitafuta hitilafu katika mfumo wa malipo ya S3 alikosea amri moja, akaondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia, na sehemu kubwa ya tovuti za Marekani ikayumba kwa saa kadhaa. Tarehe 7 Desemba 2021, siku chache tu baada ya re:Invent ya mwaka huo kumalizika, kanda ya Virginia ilipata hitilafu kubwa. Tarehe 20 Oktoba 2025 kanda hiyo hiyo ilipata hitilafu nyingine, iliyotokana na kasoro katika mfumo wa kiotomatiki unaosimamia anwani za hifadhidata iitwayo DynamoDB. Miongoni mwa walioathirika ilikuwamo tovuti ya mamlaka ya mapato ya Uingereza. Wakati wananchi wa nchi hiyo wanashindwa kufungua tovuti ya kodi kwa sababu ya kasoro iliyopo ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, jambo hilo si la wahandisi peke yao tena.

Maswali ya kubeba kutoka nyumbani

Mtaalamu anayetoka Tanzania au nchi jirani hubeba maswali ambayo mwenzake wa Ulaya huenda hana. La kwanza ni la umbali. Kanda ya AWS iliyopo barani Afrika ni ya Cape Town, Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwezi Aprili 2020 ikiwa na vituo vitatu vinavyojitegemea. Microsoft ilitangulia kufungua kanda zake za Afrika Kusini mwaka 2019, na Google ikafuata kwa kanda ya Johannesburg mwaka 2024. Data inayotoka Dar es Salaam kwenda katika vituo hivyo hupita katika mikongo ya baharini, na mikongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Mfumo ambao kila kipande chake kipo ng'ambo husimama siku kama hiyo, hata kama seva zenyewe zinafanya kazi bila tatizo. Kwa hiyo swali la kumwuliza mhandisi mbele ya ubao ni hili: ni sehemu gani ya mfumo wangu inapaswa kubaki nchini, ili kituo cha afya kiendelee kumhudumia mgonjwa wakati mkongo umekatika?

La pili ni la bei. Huduma hulipiwa kwa dola, na bei za kanda ya Cape Town ziko juu kuliko za Virginia. Kuingiza data kwenye wingu kwa kawaida hakutozwi, lakini kuitoa hutozwa kwa kila gigabaiti. Taasisi nyingi duniani zimegundua jambo hilo baada ya kupokea ankara ya kwanza.

La tatu ni la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo yenye jukumu la kusimamia utekelezaji wake. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2019. Mhandisi wa Marekani hawezi kutarajiwa kuzifahamu sheria hizi. Ni wajibu wa mtaalamu wetu kuzisoma kabla ya kupanda ndege, ili aulize kwa usahihi ni wapi data itahifadhiwa, nani ana ufunguo wa kuifungua, na nakala rudufu zinakwenda kanda ipi.

Ukumbi wa maonesho wenyewe ni somo dogo la sheria hiyo. Mamia ya kampuni hupanga mabanda humo na hugawa fulana, soksi, vikombe na stika. Zawadi hutolewa baada ya beji ya mgeni kuskaniwa, na kwa kuskaniwa, jina, cheo, taasisi na anwani yake ya barua pepe huhamia kwa mwenye banda. Yeyote anayesimamia taarifa za wananchi na kisha akatoa za kwake kwa jozi ya soksi atapokea barua pepe na simu za wauzaji hadi Pasaka. Kuna mabanda yanayostahili kutembelewa, hasa ya zana ambazo taasisi tayari inazitumia. Mengine yapitwe tu.

Mkutanoni hutolewa pia mitihani ya vyeti vya taaluma. Mtihani huo huo unaweza kufanywa nyumbani au katika kituo cha mitihani, kwa hiyo si sababu ya kusafiri.

Kabla na baada ya safari

Mtumishi wa umma anahitaji kibali cha safari ya nje, na mwombaji yeyote wa viza ya Marekani anashauriwa kuanza miezi mingi kabla, kwa kuwa miadi ya usaili huchelewa na masharti hubadilika. Maombi ya kibali yenye nguvu ni yale yanayotaja tatizo mahsusi la taasisi, vikao vilivyochaguliwa kwa ajili ya tatizo hilo, na watu watakaofundishwa mtumishi akirudi. Ombi linalosema tu kwamba mtumishi atakwenda kujifunza teknolojia za kisasa linaweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu mkutano wowote.

Vijana walio katika miaka ya mwanzo ya taaluma wanaweza kufuatilia ufadhili wa AWS uitwao All Builders Welcome, ambao hugharamia tiketi ya mkutano, nauli na malazi kwa watakaochaguliwa. Masharti yake hutangazwa kila mwaka katika ukurasa rasmi wa mkutano. Aidha, AWS imekuwa ikiandaa mkutano wa siku moja mjini Johannesburg ambao kiingilio chake ni bure, na kwa timu ya watu wanne au watano safari hiyo inaweza kuwa na tija kubwa kuliko kumpeleka mmoja Las Vegas.

Anayerudi anapaswa kuandika ripoti yake katika juma la kwanza, kabla majukumu ya ofisi hayajamfunika. Ripoti nzuri huwa fupi: tuliuliza nini, tulijibiwa nini na nani, tutajaribu nini katika miezi mitatu ijayo na kitagharimu kiasi gani. Mkuu wake wa kazi anaweza kuiomba baada ya miezi hiyo mitatu na kuulizia jaribio limefikia wapi.

Kwa wasiosafiri, hotuba kuu hurushwa bila malipo kwa anayejisajili kupitia tovuti ya mkutano. Hotuba inayoanza saa mbili asubuhi huko Las Vegas husikika Tanzania saa moja jioni ya siku hiyo hiyo. Hadi mwaka 2025, siku ya Alhamisi kwa kawaida ilikuwa zamu ya Werner Vogels, Mkuu wa Teknolojia wa Amazon, ambaye kwa miaka mingi alieleza si huduma mpya pekee bali pia jinsi mifumo mikubwa inavyoharibika na inavyotengenezwa. Idara ya TEHAMA yenye projekta na chumba cha mikutano inaweza kuwakusanya watumishi wake jioni ya hotuba kuu wakaitazama kwa pamoja.